Kabla ya Kuilaumu Seva

Nyumba ikikosa intaneti, mshtakiwa hupatikana kabla ya ushahidi. Baba atasema ni kampuni ya mtandao, watoto watasema ni ruta, mgeni ataambiwa kifaa chake kimechoka, na yule kijana aliyeonekana asubuhi akisogeza kabati lenye waya nyuma yake ataitwa ajieleze. Kila mmoja anasema kwa uhakika. Wakati huo huo hakuna aliyesoma hata mstari mmoja wa yale ambayo mitambo yenyewe imeandika.

Hitilafu ninayotaka kuizungumzia ni moja: seva ya nyumbani inapoacha kugawa anwani za IP. Najua nyumba nyingi hazina seva, kazi hiyo hufanywa na ruta iliyoletwa na kampuni, na wenyewe hawajawahi kulisikia jina DHCP, yaani utaratibu unaogawa anwani hizo. Lakini zipo nyumba, na zinaongezeka, ambamo kompyuta ya mezani ya zamani imefutwa, ikawekewa Linux, ikakabidhiwa mtandao mzima: igawe anwani, izuie matangazo, itunze picha za familia. Mashine ya namna hiyo ikikaa kimya, nyumba nzima husimama. Na mimi naona namna tunavyokishughulikia kimya hicho inaonyesha jinsi tunavyoielewa haki, pengine kuliko tunavyoonyesha tukiwa mbele za watu na tumejiandaa kusema maneno mazuri.

Tuanze na kinachotakiwa kutokea. Kifaa kinapoingia kwenye mtandao hakina makazi. Kina namba ya kadi yake ya mtandao, basi. Hakijui seva iko wapi, hakijui hata kama ipo. Kwa hiyo kinatangaza kwa wote, kuelekea 255.255.255.255, na pale panapotakiwa anwani ya mtumaji kinaandika 0.0.0.0, maana hakina kingine cha kuandika. Tangazo hilo linauliza kama kuna anayegawa anwani. Seva iliyolisikia, ikiwa nayo ya kutoa, inapendekeza moja. Kifaa kinajibu kwamba kinaichukua, na jibu hilo nalo kinalitoa hadharani ili seva nyingine yoyote iliyopendekeza ijue kuwa haikuchaguliwa, iirudishe anwani yake ghalani. Kisha seva inathibitisha na kutaja muda. Ni jumbe nne, na kwa kawaida zinamalizika kabla mtu hajaweka kikombe cha chai mezani.

Utaratibu huu haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa Sun Microsystems waliandika itifaki ya BOOTP, iliyowezesha kompyuta isiyo na diski kuuliza anwani yake inapowaka. Gilmore huyo huyo, mwaka 1990, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Electronic Frontier Foundation, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni. BOOTP ilihitaji msimamizi aandike kwa mkono kila kifaa na anwani yake. Mwaka 1993 ikaja DHCP, iliyoandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, na maelezo yake yanayotumika hadi leo kama msingi yalitolewa mwaka 1997. Jambo kubwa lililoongezwa lilikuwa kuazima. Mtu hapewi anwani moja kwa moja. Inaazimwa kwa muda, na aliyeazima anatakiwa kurudi kuomba tena nusu ya muda inapofika. Asipojibiwa anaendelea kuitumia, huku akiomba, mpaka muda uishe kabisa. Hapo anaiachia.

Huko kuazima ndiko kunakoifanya hitilafu hii kuwa mtihani wa haki, kwa sababu kunatenganisha wakati wa kosa na wakati wa kilio. Seva inaweza kufa usiku na nyumba isijue mpaka kesho yake mchana. Walioazima jana bado wana muda mkononi, wanaendelea na shughuli zao, na kwa ushahidi wa macho yao mtandao ni mzima. Anayeumia ni aliyefika leo.

Nimeliona hilo katika nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam, ninayoifahamu vizuri. Mpwa alikuwa amefika kutoka Tanga na kompyuta yake mpakato, ana maombi ya chuo ya kujaza. Kompyuta haikuingia mtandaoni. Ya binamu yake, mezani hapo hapo, ilikuwa inafanya kazi. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu. Simu za wenyeji nazo zilikuwa na intaneti. Hukumu ikatoka haraka: kompyuta ya mgeni ni mbovu, labda ina virusi, isiguse mtandao wa watu. Kijana akasema kwa adabu, "Mjomba, lakini jana kwenye basi iliingia kwa simu yangu bila shida." Hakusikilizwa. Alikuwa mgeni, mdogo, na peke yake dhidi ya mashahidi wengi.

Sasa tazama mashahidi wale walikuwa wanashuhudia nini. Televisheni ilikuwa imewekewa anwani ya kudumu kwa mkono siku iliponunuliwa, haikuwahi kuiomba seva chochote. Kompyuta ya binamu ilikuwa na anwani ya jana ambayo muda wake haujaisha. Simu za wenyeji zilipokosa Wi-Fi zilihamia kwenye bando bila kumwambia mtu, zikawa zinakula fedha za wenyewe huku zikitoa ushahidi kwamba kila kitu ni salama. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa anajibu swali lenyewe, yaani: je, leo seva imempa mtu anwani mpya? Shahidi pekee aliyekuwa na jibu la swali hilo ndiye aliyekuwa kizimbani.

Na kompyuta yake ilikuwa imeandika ushahidi waziwazi. Ukifungua taarifa za muunganisho wake ungeona anwani inayoanza na 169.254. Anwani za namna hiyo zimetengwa kwa ajili ya kifaa kilichoomba kikakosa wa kukijibu, kikajichagulia namba chenyewe ili angalau kiweze kusemezana na jirani aliye katika hali hiyo hiyo. Mimi naiheshimu namba hiyo. Kifaa hakijifanyi kina makazi. Kinatangaza kwa kila anayejua kusoma: nimeuliza, sikujibiwa. Mtu akiiona 169.254 anajua tayari kwamba kadi ya mtandao inafanya kazi, programu zake zinafanya kazi, na tatizo liko kwenye njia au mwisho wa njia. Waswahili husema lisemwalo lipo. Pale Kimara lililosemwa na watu wazima halikuwapo, lililosemwa na mashine ndilo lililokuwapo.

Kutoka hapo wengi huruka moja kwa moja hadi kwa seva na kuigeuza mshtakiwa mpya. Hili nalo si haki. Kati ya kifaa na seva kuna waya, kuna swichi, kuna kituo cha Wi-Fi, na kila kimoja kinaweza kumeza ujumbe. Dawa yake ni kusikiliza njiani. Ipo programu ndogo kwenye Linux iitwayo tcpdump, ukiiendesha kwenye seva na kuiambia isikilize milango ya 67 na 68, ambayo ndiyo DHCP inatumia, utaona kila ombi linalofika na kila jibu linalotoka. Ombi lisipofika, seva haina kosa, rudi kwenye waya na swichi. Ombi likifika na jibu lisitoke, sasa una sababu ya kuihoji seva. Jibu likitoka na kifaa kikaendelea kuuliza lile lile, basi jibu linapotelea njiani wakati wa kurudi. Dakika tano za kusikiliza hivyo zinamaliza ubishi ambao ungeweza kuchukua jioni nzima na kuharibu mahusiano ya watu.

Pale Kimara maombi yalikuwa yanafika. Majibu hayakuwa yanatoka. Kwa hiyo seva ikahojiwa, na kuihoji seva ni kusoma kumbukumbu zake.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, ukarudi alfajiri. Kompyuta, swichi na ruta vikawaka kwa wakati mmoja. Kompyuta ilikuwa nyepesi kuamka kuliko swichi, na programu yake ya DHCP ikaanza kazi wakati kadi ya mtandao haijaona waya hai, kwa hiyo haijavaa hata anwani yake yenyewe. Programu ikatazama kadi, ikaona haina anwani, ikatazama faili la mipangilio lililosema igawe anwani za 192.168.1, ikashindwa kuoanisha hivi viwili. Ikaandika kwenye kumbukumbu kwamba kadi ile haina mtandao uliotangazwa kwa ajili yake, kwamba haina mahali popote pa kusikiliza, na ikajifunga. Sekunde chache baadaye kadi ikapata anwani. Hakuna aliyerudi kuiambia programu.

Nimeufikiria sana uamuzi ule wa mashine. Wepesi ungekuwa kugawa hivyo hivyo, kukisia kwamba mtandao bila shaka ni ule wa jana. Haikukisia. Ilikabidhiwa mamlaka juu ya eneo fulani, ikasimama mahali ambapo haikuweza kuthibitisha kwamba ni eneo lile, ikakataa kutoa kisicho chake, na ikaeleza kwa maandishi kwa nini imekataa. Ni watumishi wangapi wa umma, ni wazee wangapi wa ukoo wanaosimamia mashamba ya warithi, tungependa wawe na tabia hiyo? Sisi tuliiita seva mbovu. Kumbe ilikuwa imefanya lile ambalo kila mwenye dhamana anapaswa kulifanya, na aliyeshindwa wajibu ni mpangilio wa kuwaka, ambao haukuilazimisha programu isubiri kadi iwe tayari.

Walioitengeneza waliufikiria mpaka wa mamlaka mapema. Programu ya DHCP ya Internet Systems Consortium, iliyotumika duniani kwa miaka mingi, kwa kawaida yake hujichukulia kwamba haina kauli ya mwisho juu ya mtandao iliomo. Kifaa kikija na anwani isiyolingana na mtandao huo, haitakiambia "hapana, iache hiyo," mpaka msimamizi aandike kwa makusudi kwamba seva hii ndiyo yenye mamlaka hapa. Sababu yao ni ya kiutu: mwanafunzi anayejaribu seva yake ya kwanza asije akawavurugia watu wazima mtandao halali uliotangulia kuwapo. Msimamizi asiyelijua hili hushangaa kuona kifaa kilichotoka mtandao mwingine kikidai anwani yake ya zamani mara kadhaa na seva ikinyamaza, mpaka kichoke na kuanza upya. Hulaani. Lakini ukimya ule ni heshima iliyowekwa ndani ya programu na watu waliojua kwamba mgeni katika mtaa hapaswi kuanza kwa kuwafukuza wenyeji. Consortium iliacha kuihudumia programu hiyo mwishoni mwa 2022 na sasa inamhudumia mrithi wake, Kea. Nyumba nyingi hutumia dnsmasq ya Simon Kelley, iliyo ndogo na yenye kutosha.

Sababu nyingine za ukimya nitazipita upesi. Nuktamkato moja iliyosahauliwa kwenye faili la mipangilio inaweza kuizuia programu isiamke, na ipo amri ya kulikagua faili kabla ya kuiwasha programu. Jina la kadi ya mtandao linaweza kuwa limebadilika baada ya kuboresha mfumo, likatoka kuwa eth0 likawa refu lenye herufi na tarakimu, huku faili likiendelea kuita jina la zamani. Fayawoli inaweza kuwa imeuziba mlango wa 67. Haya yote yanaonekana kwenye kumbukumbu au kwenye kusikiliza njia, kwa anayesoma.

Lipo moja ninalotaka kulikawilia, nalo ni ghala kuisha. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani, zilitengwa pamoja na nyingine za aina yake mwaka 1994, na hakuna anayezinunua. Mtandao mmoja wa kawaida wa nyumbani una nafasi 254. Hata hivyo utakuta seva imepangiwa igawe kutoka 100 hadi 120, anwani 21, na kila mmoja akiazimishwa kwa wiki nzima. Inakuja sikukuu ya Idi, ndugu wanajaa, kila mtu na simu, wengine na mbili. Wanakula, wanaondoka jioni. Siku ya pili mwenye nyumba mwenyewe akiwasha kifaa kipya hapati anwani, kwa sababu seva bado inawatunzia wageni walioko Mwanza na Songea nafasi zao. Imetimiza ahadi kwa walioondoka, ikakosa cha kumpa aliyebaki. Seva haikuwa na choyo. Uchoyo ulikuwa wa aliyeandika namba zile akijifikiria yeye na wanawe tu, kana kwamba nyumba ya Mswahili inaweza kukaa mwaka mzima bila wageni. Kinachotakiwa ni kupanua safu na kufupisha muda. Ulimwengu una sababu ya kubana anwani za nje: zile za IPv4 hazizidi bilioni 4.3 kwa hesabu, na mafungu makubwa ya mwisho yaliyokuwa hazina kuu yaligawiwa kanda zote, Afrika ikiwamo, Februari 2011. Ndani ya nyumba hakuna uhaba wa namna hiyo. Ubahili wa mle ndani tumeuleta wenyewe.

Kinyume chake ni pale wagawaji wanapokuwa wawili. Mtu amesimika seva, lakini ruta ya kampuni nayo haijaambiwa iache kugawa. Kifaa huchukua, mara nyingi, pendekezo linalotangulia kufika. Leo ya seva, kesho ya ruta, na nusu ya nyumba inaona picha za familia wakati nusu nyingine haizioni. Hapo seva huonekana haigawi, kumbe inapendekeza na haichaguliwi. Wawili hawa hawagombani, kila mmoja anatekeleza alichotumwa. Aliyewatuma ndiye hakuwaambia mipaka.

Najua kuna msomaji anayesubiri kuniambia: zima, washa, itakaa sawa. Mara nyingi ni kweli. Pale Kimara ingekaa sawa pia, kwa kuwa swichi ingekuwa imeshaamka. Siwalaumu wanaofanya hivyo saa mbili usiku wakati mtoto ana kazi ya shule ya kuwasilisha. Ila kuzima na kuwasha kabla ya kusoma ni kuiondoa kesi mahakamani. Kilichotokea kinabaki bila jina, umeme unakatika tena wiki inayofuata, na aliyetuhumiwa mara ya kwanza anatuhumiwa mara ya pili, safari hii akiwa na rekodi. Na kile kitufe kidogo cha nyuma ya ruta kinachobonywa kwa sindano, kinachofuta mipangilio yote, sidhani kama kinafaa kuguswa na mtu aliyekasirika.

Ninalolitaka kwetu ni mpangilio tofauti wa mambo, na hauhitaji elimu kubwa. Anayekosa huduma asikilizwe kwanza, hasa akiwa mgeni au mdogo, kwa sababu anayekosa ndiye aliye karibu zaidi na kosa. Wanaopata waulizwe wanapata kwa njia gani, maana kupata kwao kunaweza kuwa kwa anwani ya jana au bando la mfukoni. Kumbukumbu zisomwe kabla ya mkono kugusa kitufe. Na yule mmoja ndani ya nyumba anayejua mambo haya asiyafanye siri yake. Aandike kwenye daftari, kwa Kiswahili cha kawaida, seva iko wapi, anwani yake ni ipi, inagawa kutoka namba ipi hadi ipi, kumbukumbu zinasomwa kwa amri gani, ruta ya kampuni imezimwa kugawa au la. Daftari likae mahali ambapo mama na watoto wanaweza kulifikia. Nyumba ambayo mtandao wake unaeleweka na mtu mmoja tu itamtegemea huyo hata kwa hukumu zake, na siku akisafiri itabaki na hukumu bila mtaalamu.

Tena, hitilafu ikishapatikana, kazi haijaisha anwani zinapoanza kugawiwa. Watu wakiona intaneti imerudi hutawanyika, na tuhuma zilizotolewa mchana hubaki zimening'inia juu ya mtu. Ndugu msomaji unayesimamia mtandao wa nyumba, usiruhusu hilo. Waite wale wale waliosikia hukumu, uwaeleze sababu kwa maneno wanayoyaelewa, na useme mbele yao kwamba kompyuta ya kijana ilikuwa nzima tangu mwanzo.